Majembe ya Nyota Yaliyokwenda Ukweni

Kasongo, 1 Septemba 1954

Daftari hili limetoka butiki ya Musyo Lambro. Mistari yake imeteremka upande mmoja kama njia ya kwenda mtoni. Katekista aliyelinunua alilirudisha, akasema kila jina la mbatizwa analoandika linateleza pembeni. Hakuna aliyelitaka tena, basi Fidèle wangu akaniletea. Mimi mistari iliyopinda hainishindi. Nilisoma kwa Masera, watawa wa misioni, miaka mitatu, na Masera mkubwa mwenyewe alisema nina mkono wa karani.

Ninaanza leo kwa sababu leo mwanangu amepandishwa kazi. Musyo Lambro, yule Mugiriki mwenye butiki kubwa pale sokoni, amempa chumba chote cha nyuma. Kinaitwa chumba cha marudio. Kitu kikiuzwa kikaharibika, au mutu akinunua halafu akajuta, kinarudi kwa Fidèle. Yeye anakitazama, anakigeuza, anasema: hiki tunakubali, hiki hapana. Kuuza kila mutu anaweza. Lakini kukubali kosa la duka bila kuliangusha duka, hapo panatakiwa kichwa. Kichwa alikitoa kwangu. Baba yake, Raphaël, seremala wa misioni, alimpa miguu mirefu.

Nimempa jirani Léocadie habari hii asubuhi. Nimempa tena mchana, kwa sababu asubuhi alijifanya hasikii.

4 Septemba

Léocadie amesema mbele ya watu kisimani: "Kumbe mutoto wako ni bwana wa vitu vibovu."

Nikajaza mtungi wangu. Mwanawe Pacifique anaosha chupa kwenye dispansari ya Nyangwe.

9 Septemba

Wakati wa kula Fidèle anatuletea habari za chumba chake, na sisi tunacheka hata ugali unapoa. Leo mutu amerudisha taa. Haiwaki, anasema. Fidèle akafungua akakuta mawese ndani.

"Baba, taa hii inataka petroli, mafuta ya taa."

"Mafuta ni mafuta," mutu akajibu. "Kama inachagua chakula, mimi siitaki."

Mwingine karudisha suruali, mpya kabisa, anaapa, haijavaliwa hata mara moja. Fidèle akaonyesha magotini, nta ya mshumaa. Siku ya Mungu ilikwenda kanisani, siku iliyofuata ikarudi dukani.

Nikamwambia mwanangu: "Akija mutu na uongo, mwache aseme, halafu uje kwangu. Mimi ninawajua watu wa Kasongo na uongo wa kila mmoja."

Raphaël akasema, "Na wa kwako nani anaujua?" Huyu mume wangu anasema neno moja kwa siku, na hilo moja linaniuma.

12 Septemba, siku ya Mungu

Baada ya misa Padri ametangaza mara ya kwanza jina la Fidèle na la Julienne, binti wa mzee Heri na mama Subira, watu wa Kabambare. Arusi ni Jumamosi, siku ya posho, tarehe 27 Novemba. Kesho yake inaanza Adventi, na Padri hafungishi ndoa tena mpaka Noeli ipite na Epifania ipite. Basi ni siku hiyo au tungoje mwaka mwingine, na mimi kungoja sikujifunza.

Mahari tulipeleka wakati wa kiangazi. Mbuzi jike, mablanketi, vitambaa, na majembe mapya kutoka butiki, yenye chapa ya nyota, yanang'aa hata mzee Heri alifumba jicho. Mbuzi analiwa, kitambaa kinapasuka. Jembe ndilo linalobaki ukweni likisema kila siku: binti wa nyumba hii ana watu wake. Nani aliyachagua majembe yenye nyota? Mimi. Raphaël alitaka yale meusi ya zamani. Nilimwambia, mwanangu ni mutu wa duka, hatupeleki chuma cheusi.

Julienne ni mtoto mzuri, mpole. Mama yake Subira sijampenda bado. Alinitazama viatu.

17 Septemba

Mvua ya kwanza. Kila mutu shambani.

20 Septemba

Jembe langu limekunjika.

Nilipiga udongo, udongo laini wa mvua, si jiwe, si mzizi. Nikainua, nikaona ncha inanitazama mimi. Nikafikiri ni mkono wangu. Nikaliweka juu ya gogo, nikalinyosha kwa mchi, nikapiga tena. Likakunjika upande wa pili. Shamba la pili Léocadie alikuwa anacheka hata akakaa chini. Halafu na lake likakunjika, nikacheka mimi. Tumecheka hivyo mpaka tukaona mabonde yote, kila mwanamke amesimama ameinua jembe machoni pake kama mutu anayesoma barua mbaya.

Yote yana nyota.

23 Septemba

Watu wamejaa butiki mpaka barabarani. Fidèle karudi nyumbani hana sauti. Amekubali makosa tangu asubuhi. Moniteri wa kilimo hasikilizi habari ya jembe, yeye anapima shamba na kuandika faini, na mvua haingoji.

Mwanangu ni mwembamba lakini amesimama peke yake mbele ya Kasongo nzima. Nilipita mara nyingi kumtazama. Mara ya mwisho aliniambia, "Mama, nenda nyumbani, unawaambia watu wakusalimie wewe mbele ya kurudisha."

2 Oktoba

Musyo Lambro amepata jibu kutoka kwa tajiri mkubwa wa Kindu. Kiwanda cha Ulaya kimekiri: chuma kilipikwa vibaya. Majembe yote ya nyota yarudi. Kwa kila bovu linaloingia, zuri moja linatoka, bure. Lakini bovu kwanza. Bila bovu hakuna zuri. Mazuri Musyo anayo tayari stoo, chapa ya mamba, amefungia kwa kufuli. Na lazima mabovu yawe Kindu mbele ya mwisho wa Novemba, la sivyo hasara ni ya Musyo, na Musyo amesema wazi kwamba hasara yake itakuwa na jina, na jina ni Fidèle.

Fidèle akanishika mkono. "Mama, usiseme kitu kwa watu. Ngoja tupange kwanza namna ya kuyakusanya. Haya si masufuria."

3 Oktoba, siku ya Mungu

Nimesema.

Ningewezaje kunyamaza? Watu wanatoka kanisani na nyuso za huzuni, na dawa yao iko nyumbani kwangu inakula ndizi. Nikapanda juu ya mawe ya waashi, nikaita: "Enyi watu wa Kasongo! Majembe yote ya nyota yarudi! Popote yalipo! Mwanangu Fidèle atayakusanya yote!" Sauti yangu Masera waliisifu pia.

Watu walinyamaza. Nikafikiri ni furaha.

Halafu nikamwona Bulaimu, dereva wa kamyo ya Kabambare na Salamabila, anatia maji kwenye injini. Nikafikiri: bakwe zetu wasiwe wa mwisho, wapate mapya mbele ya wote, wajue wamepata familia gani. Nikamwambia Bulaimu, mwambie mzee Heri atutumie yale majembe yetu upesi.

Raphaël aliposikia aliacha randa. "Umewatuma watu wakachukue majembe ukweni?"

"Mabovu," nikasema. "Wapate mazuri."

Akaendelea na ubao wake.

8 Oktoba

Wanaoleta ni wachache: wajane, vijana wasiooa, Masera. Wengine wote wanapita mbali na butiki. Mutu mmoja kaniamkia akasema, "Mama Fidèle, mimi na mke wangu tunapatana, tuache." Sikuelewa. Nilimwambia mimi pia ninapatana na mume wangu.

11 Oktoba

Leo ninaandika mengi kwa sababu kulala sitalala.

Kamyo ya Bulaimu imefika butiki mchana, mbele ya watu wote wa soko. Nilikuwa pale, nilimpelekea mwanangu chakula. Bulaimu akafungua nyuma akaanza kushusha. Mablanketi. Vitambaa, vimekunjwa vizuri hata hasira yake ikaonekana. Fungu la majembe ya nyota lililofungwa kwa kamba. Mwisho kabisa akamvuta mbuzi wetu, tumbo kubwa, analia.

Fidèle alikuwa mlangoni na kalamu sikioni. "Bulaimu, vitu hivi vimetoka wapi?"

"Kwa mzee Heri."

"Mimi ninapokea majembe tu. Mbuzi wa nini?"

Bulaimu akavua kofia. Huyu mutu hajawahi kuvua kofia. "Kijana, mzee anasema, mutu akiomba majembe yake, hachukui majembe peke yake. Anasema: yule binti hatakuwa na kitu chenu hata uzi. Amevipakia vyote mwenyewe. Mimi nimebeba tu."

Mwanangu alitoa kalamu sikioni. Alisimama pale kwenye chumba chake cha marudio, na kitu kilichorudi ni yeye.

Watu wakaanza kunong'ona, halafu wakaacha kunong'ona wakasema wazi. Nikamrukia Bulaimu.

"Ulisema nini kule? Nilikutuma maneno mazuri!"

"Nilisema ulivyosema! Nilifika sokoni, mzee alikuwa ng'ambo, nikaita kutoka kwenye kamyo: Heri wee! Bakwe zako wa Kasongo wanataka majembe yao, upesi!"

"Sokoni! Kutoka kwenye kamyo!"

"Ulisema upesi, mama."

Musyo Lambro akatoka kuona kelele. Akamtazama mbuzi. "Hii iko nini? Mimi siuzi mbuzi."

"Ni mahari yangu, Musyo," Fidèle akasema.

"Jembe iko chuma tu," Musyo akasema. "Chuma mbaya inarudi, chuma muzuri inakwenda. Bibi inaingia wapi?"

Mutu akiuza majembe miaka yote hiyo na hajauliza yanakwenda wapi, utamweleza ukianzia wapi? Lakini na mimi nani aniulize? Mimi nilizaliwa hapa. Siku ile juu ya mawe nilikuwa ninafikiri kiduka, nikasahau kufikiri kiukwe. Nilisema mbele ya kanisa zima kwamba mwanangu atachukua majembe popote yalipo, na nusu ya majembe ya nchi hii yamelala chini ya vitanda vya wakwe. Sasa aliyeoa akionekana na jembe la nyota, watu wanasema ameidai mahari, anamrudisha mke.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Raphaël kosa ni la Bulaimu, alikata maneno.

"Hata angeyasema yote," Raphaël akasema.

14 Oktoba

Bwana wa Teritwari, Mzungu wa serikali, ameuliza kwa nini wanawake wengi wako barabarani na mikeka kichwani. Wanarudi kwao. Wameona heri wajiondoe wenyewe mbele ya kuletwa na kamyo.

Mutu mmoja wa ng'ambo ya mto alileta jembe anacheka, kumbe alikuwa anatafuta njia ya kumrudisha mkewe tangu zamani. Baba mukwe alimfuata na fimbo hadi ndani ya butiki. Fidèle alimficha nyuma ya mbuzi.

19 Oktoba

Mvua. Fidèle hali chakula.

21 Oktoba

Mvua. Léocadie kaleta samaki wa Nyangwe, Pacifique alimtumia. Ameweka mlangoni akaondoka bila kusema neno la kuniuma. Hilo limeniogopesha kuliko yote.

26 Oktoba

Mbuzi amezaa chumbani mwa marudio, juu ya kofia za majani. Fidèle hakujua afanye nini. Aliingia mmoja, sasa wako wawili. Musyo alikuja, akapiga magoti, akamshika yule mdogo. Akasema, "Hii ndiyo mali ya kwanza imerudi kwangu na faida." Ni mara ya kwanza nimemwona akicheka. Halafu akatazama chumba. Pembeni majembe machache ya wajane. Akaacha kucheka.

30 Oktoba

Nimemwambia Raphaël ninakwenda Kabambare. Akasema, "Nenda. Lakini mdomo uache hapa." Hapo nimehesabu, ni maneno mengi kwake.

3 Novemba, Kabambare

Tulilala njiani, kamyo ilizama kwenye matope. Bulaimu alinitaka nisukume na mimi, nikasukuma. Nimefika nina udongo hata masikioni, na viatu vyangu vimebaki kwenye tope la njia. Labda ni vizuri. Subira hakuwa na kitu cha kutazama.

Mzee Heri alikuwa anasuka kikapu. Aliponiona aligeuza kiti, akanipa mgongo. Subira alisimama mlangoni.

"Karibu, Mama Duka," akasema. "Umekuja kuchukua nini tena? Chukua na mlango. Una kasoro, unalia ukifungua."

"Mama Julienne, nimekuja kuomba..."

"Kuomba tena! Tulifikiri tumemaliza kutoa."

Hapo nikakosea mara ya pili. Nilitaka kumwonyesha kwamba hatukudharau, basi nikaanza kumsifu Fidèle: kazi yake, kalamu yake, Musyo anavyomtegemea, namna anavyogeuza sufuria akaona kosa.

"Ninajua," Subira akasema. "Mwanao anarudisha masufuria. Binti yangu si sufuria."

Kicheko kikatoka kwenye nyumba ya jirani. Nikakaa chini kwenye matope. Nikasema: "Nilisema vibaya. Sikumtuma mutu kumwacha binti yenu. Nilitaka muwe wa kwanza kupata majembe mazuri, nionekane. Nimeonekana."

Subira alichukua kijembe chake, cha nyanya yake nadhani, kimelika mpaka kimebaki kama kijiko, akakwenda shambani. Majembe ya nyota wameyarudisha yote, na mpunga unangoja. Nikamfuata. Sikuwa na jembe, nikang'oa majani kwa mikono nyuma yake.

Mstari wa pili akasema, bila kugeuka, "Julienne analima mstari kama huu anaimba."

Nikasema, "Fidèle alianza kusoma mbele ya kuota meno yote."

"Julienne alijenga jiko mwenyewe."

"Fidèle hajawahi kugombana na mutu."

"Julienne amegombana na wote, wote wamemshukuru."

Mungu wangu. Nilidhani mwanamke huyu ana kiburi. Kumbe ni mimi, amefunga kitambaa kingine. Tuliendelea hivyo, mmoja anatupa, mwingine anarudisha, mpaka mvua ikatukuta katikati ya shamba na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukimbia.

Hapo akaja Julienne na chakula kichwani. Begani alikuwa na jembe. Lilikuwa limekunjika kama sikio la mbwa, lakini nyota inaonekana.

Subira akanyooka. "Hilo limetoka wapi?"

"Chini ya kitanda changu."

"Baba yako alisema yote yarudi!"

"Alisema, mama. Niliyafunga mimi kwa kamba. Moja nikalibakiza." Sauti yake ndogo, nilimwita mpole, mimi mjinga. "Jembe moja likiwa nyumbani, mimi sijarudishwa. Fidèle aje aniambie kwa mdomo wake, ndipo nitalitoa. Si kamyo."

Mimi nilianza kulia, na kulia kwangu kuna sauti, watu wakaja.

Jioni mzee Heri aliwekewa jembe mbele yake. Aliligeuza. Akalikunja kwa mikono yake miwili, likakunjika. Akalinyosha, likanyoka. Akafanya tena. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani ni hasira, kumbe anacheka.

"Hili ndilo mlitaka?" akaniuliza. Ni neno lake la kwanza kwangu. "Hata mwizi angelirudisha."

Akaita ndugu zake wasikie. Akasema: "Basi binti hakurudi. Vitu ndivyo vilikwenda matembezi Kasongo. Vimekwisha kutembea, virudi." Halafu kwangu, pole pole, kama mutu anayemfundisha mgeni: "Mama, hatukatai chuma kizuri. Lakini kizuri kiingie kwanza. Kikishaingia na kukaa, mahari imeongezeka, tumefurahi. Siku ile ile mwanamke wa nyumba atalitoa lile bovu yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kama anavyotoa majivu. Nani atasema ndoa imevunjika? Lakini ukichukua kwanza, hata ulete dhahabu ya Salamabila kesho, leo umeshatuaibisha."

Subira akaongeza, "Na mbuzi arudi na mtoto wake. Baba yake mtoto ni dume letu."

9 Novemba

Nimefika Kasongo. Nilimweleza Fidèle yote, na Julienne na jembe la chini ya kitanda. Alisikiliza akiwa amesimama. Halafu akala sahani yake, na ya baba yake.

10 Novemba

Fidèle ameingia ofisini kwa Musyo. Mimi nilikuwa chini ya dirisha, nilipita tu.

"Hapana," Musyo alisema. "Kindu inasema mbovu kwanza. Mimi natoa mazuri, watu wanakaa na mazuri na mbovu, mimi nakaa na nini?"

"Musyo, ukisema mbovu kwanza, wanarudisha?"

Wote wawili, nadhani, walikuwa wanatazama chumba cha marudio. Mbuzi ndiye aliyejibu.

"Na kama hawatoi?" Musyo akauliza tena, sauti imeshuka.

"Nitakuwa hapo hapo, mimi na kamyo. Sitaomba. Nitaweka zuri mbele ya baba mukwe, nitakula chakula, nitangoja. Na nitaanzia kwa mukwe wangu mwenyewe. Likishindikana kule, unifukuze."

Nilisikia kufuli inafunguka. Nilikimbia kumwambia Léocadie. Alinikumbatia. Alinuka samaki, na mimi sikujali.

13 Novemba

Kamyo imeondoka na Fidèle, majembe ya mamba mpaka juu, mablanketi na vitambaa vya mahari, mbuzi na mtoto wake mbele pamoja na Bulaimu. Kabla ya kuwasha injini nilimwambia Bulaimu: "Wewe hutasema neno. Hata salamu."

16 Novemba

Mvua. Hakuna habari.

18 Novemba

Mvua. Hakuna habari. Nimefua pazia zote. Raphaël anatengeneza kitanda cha maarusi na hasemi kitu, lakini anakipiga msasa mahali hapohapo tangu jana.

20 Novemba

Kamyo imerudi! Tuliisikia mbali, Bulaimu anapiga honi, nadhani alichoka kunyamaza. Majembe yaliyokunjika yamejaa hata bodi zinalia. Fidèle ameketi juu yake kama chifu.

Anasema kila kijiji ilikuwa vilevile. Zuri linaingia, baba mukwe analigonga kwa kidole, watu wanakula. Halafu mwanamke wa nyumba anatoka na lile bovu, analitupa kwenye kamyo bila kulitazama. Wanawake waliokwenda kwao na mikeka wamerudi, na wengine wamedai kitambaa juu ya jembe. Mutu wa ng'ambo ya mto tu ndiye aliyehuzunika: mkewe amerudi.

"Na Julienne?" nikauliza.

Fidèle akageuza uso. "Alinitaka niseme kwa mdomo wangu."

"Ukasema nini?"

"Mama! Yalikuwa maneno ya kumwambia yeye tu."

Mwanangu ananificha maneno. Nimekasirika mpaka jioni, halafu nikaona ndivyo inavyotakiwa.

24 Novemba

Majembe mabovu yamekwenda Kindu. Musyo Lambro amemwita Fidèle mbele ya wafanyakazi wote akampa mkono. Ameuliza kama taa na mablanketi nayo yana habari za ukwe, maana sasa anaogopa duka lake mwenyewe.

27 Novemba, siku ya posho

Ndoa imefungwa. Mvua ilinyesha, kanisa linavuja upande wa wanaume. Padri alimwuliza Julienne kama anakubali, akajibu kwa sauti ambayo hata Nyangwe wameisikia. Mpole wangu!

Wakati wa kula Subira alisimama. Bila kiatu, kitambaa chake kizuri. Akamshika Julienne begani mbele ya watu wote.

"Watu wa Kasongo, tumewapa. Mumtazame vizuri leo, mumgeuze, mumgonge kwa kidole mtakapo. Leo ndiyo leo. Kesho hatupokei."

Watu walicheka hata vikombe vikaanguka. Ilikuwa zamu yangu kujibu, kila mutu alinitazama, Raphaël akafumba macho kama anayengoja mti uanguke. Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote ya kumsifu mwanangu. Nikamtazama yule binti aliyelala juu ya jembe baya ili asirudishwe. Nikasema, "Asante," nikakaa.

Raphaël alifungua jicho moja.

29 Novemba

Leo nimeamka nikakuta Julienne amekwisha kuwasha moto, amechukua jembe, amekwenda shambani kwangu. Nilimfuata kimya, nijifiche kwenye mihogo nione kama analima sawasawa. Mistari yake imenyooka kuliko yangu. Na anaimba, kama Subira alivyosema.

Nilirudi nyumbani taratibu. Nimemwambia Léocadie kwamba kulima vile nilimfundisha mimi.